Viatu vya Mama Visilinganishwe

Morogoro,
Mwezi wa Agosti.

Mdogo wangu Kasiani,

Marahaba. Natanguliza kuitikia kwa sababu barua yako ilianza na "Vipi kaka", na shikamoo sikuiona mbele wala nyuma ya karatasi. Nimeamua kuamini kwamba uliitamka moyoni wakati unalamba bahasha. Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakohoa kwa vumbi la kiangazi, nami magoti yananitajia umri wangu kila ninapoinuka kitini, lakini hakuna aliyelazwa. Natumaini na nyinyi huko Ukata mmeamka vyema, kahawa iko vichanjani, na baridi ya mlima haijawafungia ndani.

Baada ya salamu, nina mambo ya kukugombeza, nayo ni mengi.

Katika barua yako ya masika uliandika, "Viatu zimefika." Kasiani! Ulikaa dawati la mbele katika darasa langu mwenyewe kabla sijahamia huku. Kiatu kimefika, viatu vimefika. Mtu anayeshindwa kupatanisha nomino na kitenzi chake atashindwa kupatanisha mambo makubwa zaidi, na ndivyo ilivyotokea, kama utakavyoona ukiisoma barua hii mpaka mwisho badala ya kuruka ukurasa.

Nirudie kwanza uliyoniandikia, ili tusije tukabishana baadaye nani alisema nini. Ulisema kwamba viatu vya ngozi nilivyomtumia Mama wakati wa Pasaka alivivaa Jumapili moja tu. Alikwenda navyo kanisani miguuni, akarudi navyo mkononi. Ulipomuuliza, alijibu, "Mwanangu kanitumia viatu visivyolingana. Cha kulia kirefu, cha kushoto kifupi." Ukaviweka mezani, ukavipima kwa rula, kisigino kwa kisigino, ukamwonyesha kwamba vinalingana. Naye akakuambia, "Meza ina miguu yake, mimi nina yangu." Ukaniandikia kwamba mlicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Halafu ukaendelea. Tangu siku ile Mama hashuki tena kwenye kahawa wala hapandi kwenda kanisani. Anakaa jikoni akipukuchua maharage. Wewe na dada yetu Batilda mmeona kwamba "akili yake imeanza kuyumba na mlima umemshinda", kwa hiyo mmekubaliana kumhamishia Liuli, nyumbani kwa Batilda, kwenye tambarare ya ziwa. Nyumba yake pale Ukata ifungwe, na mashamba uyatazame wewe. Mkaniomba mimi, kama mkubwa wenu, niseme ndiyo.

Nilikuwa karibu kuisema. Viatu vile nilivichagua mwenyewe, nikivipindua kimoja kimoja pale sokoni kwenye marundo ya mtumba, na nilipoambiwa kwamba havilingani niliona Mama ananionea. Hujui ninavyovijua viatu? Tangu nilipoletwa kufundisha elimu ya watu wazima katika kiwanda cha viatu, nilikuwa nikishinda na watu wa ngozi na nyundo mpaka jioni. Mimi niliwafundisha herufi, wao wakanifundisha soli. Sasa kiwanda kimefungwa. Mashine zimefunikwa maturubai, na kila kitu ni soko huria. Huria! Vinakuja viatu kutoka ng'ambo vinang'aa kama sahani, ukivifungua ndani soli ni karatasi iliyobandikwa gundi. Mvua ya kwanza, kiatu kinafungua kinywa kama kambale. Na ile miguu ya miti, ambayo ngozi ya kiatu huwambwa juu yake kama ngozi ya ngoma ili ishike umbo la mguu, imeuzwa kuni. Nimemwona mama ntilie kwa macho yangu akichochea moto wa uji kwa miguu ya miti ya saizi ya watoto.

Siku hizi nakaa barazani na Bi Mwanaidi, aliyekuwa mshonaji wa ngozi za juu kiwandani na mwanafunzi wangu wa jioni. Aliokoa gunia moja la miguu ile kabla haijaingia motoni. Tunatengeneza viatu kidogo kidogo, na kugombana sana.

Basi, nilipokasirika na Mama, nilijiambia: pengine wayo mmoja umevimba, au umepanuka kwa sababu ya kule kuvunjika mguu kwake. Watu wengi wana nyayo zisizolingana kwa urefu. Nikakuandikia unitumie kipimo cha kila mguu wa Mama, wa kulia na wa kushoto, ili nimshonee jozi mpya na malalamiko yaishe.

Wiki iliyopita utingo wa basi la Songea akanikabidhi kifurushi. Kulikuwa na usipa wa Batilda, wale dagaa wa ziwani, ambao nashukuru, na barua yako ya "Vipi kaka", na kamba mbili za mgomba zinazonuka usipa. Nilizinyoosha. Kasiani, zilikuwa ndefu kupita mkono wangu! Nikasoma maelezo yako: "Mama kakataa nisimpime. Kazikata mwenyewe, kutoka nyongani mpaka chini ya kisigino, na fundo kwenye goti. Yenye kitambaa cha kitenge ni ya kushoto. Nilimwambia siyo hivyo, akasema, 'Mwalimu kaandika mguu.' Unaona mwenyewe hali yake, kaka."

Niliona. Niliona ujinga wa nyumba nzima. Nilimwita Bi Mwanaidi nikamwonyesha. Akazishika, akazipima kwenye kiuno chake, akaniangalia juu ya miwani.

"Mwalimu, mama yako ameagiza viatu au suruali?"

"Usinichekeshe, nimeudhika."

"Umeudhika na nani? Uliandika nini?"

"Niliandika mguu. Kila mtu mwenye akili anajua kwamba habari ikiwa ya kiatu, mguu maana yake ni wayo."

"Basi mama yako amekuletea wayo, na ameongeza na mguu mzima juu yake. Shukuru."

Sikushukuru. Nilisema kwamba lugha yetu ni tajiri, ina paja, goti, muundi, kifundo, kisigino na wayo, na kwamba watu wanaorundika vyote hivyo katika neno moja wanaishi katika nyumba yenye vyumba sita na kulala wote sebuleni. Bi Mwanaidi akasema, "Na aliyeandika mguu katika barua ni nani, jirani?" Nikamwambia ashone.

Nikaona basi kamba zisipotee bure, nizitumie kufungia vipande vya ngozi. Nilizitundika pamoja kwenye msumari wa nguzo, ncha za juu zikiwa sawa, nikageuka kutafuta ngozi. Nilipogeuka tena, niliona kwamba ile yenye kitenge inaishia juu zaidi kuliko mwenzake. Tofauti ilikuwa unene wa vidole viwili.

"Bi Mwanaidi, hebu tazama."

"Imesinyaa. Kamba ya mgomba ikikauka inasinyaa."

"Moja tu? Zimetoka kwenye mgomba mmoja, zimesafiri katika kifurushi kimoja."

"Nyingine labda ililalia samaki."

Nikayatazama mafundo. Kutoka ncha ya juu hadi fundo la goti, kamba zililingana sawasawa. Kutoka fundo hadi chini, hazikulingana. Nikazishusha, nikazinyoosha juu ya meza, nikazipandisha tena. Hali ilikuwa ile ile. Nikamwambia Bi Mwanaidi kwamba kamba haiwezi kusinyaa chini ya goti peke yake.

Akaacha sindano. "Mama yako aliwahi kuvunjika?"

"Alivunjika muundi wa kushoto. Aliteleza mtelemkoni akiwa na debe la kahawa. Lakini alipona."

"Nani alisema alipona?"

"Mdogo wangu."

"Huyu wa 'Vipi kaka'?"

Huyo huyo. Hapo, Kasiani, hasira yangu yote iliyokuwa inaelekea kwa Mama iligeuza njia na kuja kwako, na ndiyo unayoisoma. Uliniandikia wakati ule, "Mama amepona, anatembea." Kutembea siyo kupona. Mfupa uliunga, Mama hakupona. Hivyo ni vitenzi viwili, na uliviandika kama kimoja. Baba Mdogo alimfunga mguu vizuri kwa vijiti na magome, lakini palizi ya maharage ilipofika mkamwacha afungue kabla ya wakati na kuingia shambani, nao mfupa ukaunga vipande vikiwa vimepandana. Tangu hapo mguu wa kushoto ni mfupi. Akiwa pekupeku alikuwa anajitafutia: anaweka kidole hapa, anakunja goti pale, anachagua upande wa mteremko unaomfaa. Sisi tukamfunga katika viatu viwili vigumu vilivyolingana kabisa, tukamtuma kanisani. Cha kulia kilimwinua, cha kushoto kikamwangusha. Alituambia neno hilo hilo kwa maneno rahisi kabisa, nasi tukachukua rula tukapima viatu! Ulipima kiatu na kiatu. Hukupima kiatu na mtu. Hata katika sarufi, mdogo wangu, kivumishi hakitazami kivumishi mwenzake. Kinatazama nomino inayokitawala.

Na jambo hili lisikupite. Mtu ambaye akili yake imeyumba hafungi fundo kwenye goti. Hakumbuki kuweka kitambaa ili kushoto kusichanganywe na kulia. Sijui kama Mama alilielewa vibaya neno langu au alilielewa kuliko nilivyolielewa mimi. Nimelifikiria jambo hilo tangu wiki iliyopita, na linaniudhi kwamba siwezi kuamua.

Sasa kuhusu viatu vilivyomo katika kifurushi hiki. Saizi ya wayo ni ile ile ya vile vya Pasaka. Nitakueleza jinsi vilivyojengwa, kwa sababu nakujua: usipoelezwa utaviharibu.

Mawazo ya kwanza ya Bi Mwanaidi yalikuwa kuongeza kisigino cha kushoto basi, kazi iishe. Nilikataa. Ili kumwonyesha, nilijifunga kipande kinene cha raba chini ya kisigino changu nikatembea uani. Uzito wote ulimiminika mbele, vidole vikasongamana kwenye ncha ya kiatu kama mbuzi walioshuka mteremko na kukuta zizi limefungwa. Bi Mwanaidi akasema, "Unatembea kama bata aliyepewa ualimu." Lakini alikubali. Kisigino kazi yake ni kupokea pigo la kwanza la hatua. Hakiwezi kubeba mtu mzima peke yake. Kwa hiyo tumeinua soli nzima, kuanzia nyuma mpaka mbele, kwa matabaka ya raba nyepesi yaliyobanwa na kushonwa, siyo kubandikwa gundi tu kama hivyo vinavyong'aa.

Soli nene ina ubaya wake: haikunjiki. Kiatu cha kawaida hukunjika pale vidole vinapoanzia, na ndivyo mguu unavyosukuma ardhi. Hiki hakitakunjika. Ndiyo sababu utaona tumeikata ncha ya mbele ikapinda kwenda juu, kama ubao wa chini wa kiti cha kubembea. Mama atabingirika juu yake badala ya kukikunja. Usiseme kwamba kimepinda kwa jua. Tumekipinda sisi.

Sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino cha mtu ina kipande kigumu ndani, kati ya ngozi mbili. Katika kiatu cha kushoto tumekifanya kirefu na kigumu zaidi, kwa sababu mtu akisimama juu, kifundo hutaka kuanguka pembeni, na huko Ukata hakuna ardhi iliyolala. Ulimi wa kiatu nao tumeufanya mpana na laini. Ulimi si pambo. Unazuia kamba zisimkate mtu juu ya mguu. Kiatu kisicho na ulimi mzuri huuma kimya kimya, na anayeumwa huonekana mkaidi. Kamba zifungwe kuanzia chini kwenda juu, zikazwe kidogo kidogo, fundo liwe pembeni.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Utakapofungua kifurushi utaona kiatu kimoja kinene na kimoja chembamba. Utasema, "Huyu Mwalimu naye amezeeka." Utavichukua umpelekee yule fundi wa pale senta mwenye msumeno, umwambie avilinganishe. USIMPELEKEE. Usikate chochote. Usiongeze chochote. Usiviweke mezani. Usitafute rula. Wala usivianike karibu na moto vikilowa. Ngozi itakauka iwe kama ganda la mti na nyuzi zitakatika. Vijazwe maganda makavu ya mahindi na kuwekwa kivulini.

Mama avivae kwanza ndani ya nyumba, muda mfupi kila asubuhi, akishika ukuta. Kiuno chake kimezoea kupinda, na kitalalamika kikinyooshwa. Akisema panauma, msimwambie anazeeka. Mwulizeni ni wapi, andikeni anavyosema, neno kwa neno, bila kumsahihishia. Ndiyo, mimi ndiye ninayeandika hivyo. Kisha atoke uani. Kisha ajaribu njia ya kahawa akiwa na fimbo, nawe utembee chini yake upande wa mteremko, siyo mbele ukipiga mluzi.

Kuhusu Liuli. Batilda ana moyo mzuri, na mume wake anamheshimu Mama kuliko sisi tunavyomheshimu. Hilo silikatai. Lakini sababu mlizonipa zote mbili zimekwisha. Akili ya Mama haikuyumba. Ni soli iliyoyumba. Na mlima haujamshinda mpaka aujaribu kwa viatu vinavyomfaa. Kwa hiyo sisemi ndiyo, na msifunge nyumba ya mtu ambaye hajaulizwa. Katika barua zako zote uliandika "tumeona", "tumekubaliana", "tumeamua". Nilitafuta mahali palipoandikwa "Mama anasema anataka". Sikupaona. Ni sentensi fupi, ina kiima na kiarifu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika, pamoja na mimi niliyesoma zaidi.

Msomee Mama barua hii yote. Hata palipoandikwa ujinga wa nyumba nzima, pasome.

Mwambie Mama shikamoo yangu, naileta nikiwa nimevua kofia. Msalimu shemeji Huruma, ambaye najua ndiye anayemchemshia maji ya kukanda mguu ingawa hujawahi kuniandikia. Baba Mdogo aliyemfunga kwa magome mwambie simlaumu hata kidogo. Yeye alifunga, sisi ndio tulioruhusu pafunguliwe. Batilda na mume wake wa ziwani wape salamu na asante ya usipa, ingawa sasa baraza lote linanuka na paka wa jirani amehamia kwetu. Mke wangu anakusalimu, anasema usichukulie maneno yangu kwa uzito. Uyachukulie kwa uzito.

Jibu la Mama kuhusu kuhama usiliandike wewe, maana utaandika "tumeona". Ndani ya kiatu cha kushoto nimeweka ile kamba yake yenye kitenge. Akitaka kwenda ziwani, airudishe kama ilivyo. Akitaka kubaki nyumbani kwake, afunge fundo la pili, chini kabisa, pale panapoishia kisigino. Nitaelewa. Yeye na mimi tumekwisha kuanza kuandikiana.

Ni mimi kaka yako mkubwa, ninayekupenda na kukusahihisha,

Mwalimu Otmari

Nyongeza: Ukinijibu, anza na shikamoo, halafu andika, "Viatu vimefika." Vi-me-fika.